Risala ya Wanawake kwa Mkuu wa Mkoa: Kupima Saratani ya Mlango wa Kizazi Kusiwe Adhabu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, mgeni wetu rasmi,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa na Waganga Wakuu wa Wilaya,
Waheshimiwa madiwani na viongozi wetu wa dini,
Wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mama zetu, dada zetu, na kina baba mliokuja kutuunga mkono,



Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi ni wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa katika vijiji vya mkoa huu wa Dodoma. Tupo wakulima wa alizeti, mtama na zabibu, tupo mama lishe, walimu, na wauza nguo wa minadani. Miaka iliyopita, Siku ya Wanawake Duniani ilipofika, risala zetu zilihusu mikopo, maji na masoko. Mwaka huu tumekubaliana tulete jambo moja tu, nalo ni maumivu anayopata mwanamke anapokwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi, na jinsi maumivu hayo yanavyomfanya asirudi tena.

Tunajua si jambo lililozoeleka kusemwa kwenye kipaza sauti, mbele ya wakwe na viongozi wa dini. Wanawake wamekuwa wakilisema kisimani na jikoni kwa miaka mingi, na halijapata mwenye kulitatua. Ndiyo maana leo tumelileta hapa.

SHUKRANI

Kwanza tunaishukuru Serikali. Mwaka 2018 chanjo ya kuzuia virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, tena kwa dozi moja tu. Mabinti zetu wamechanjwa shuleni na tumefurahi. Tunashukuru pia kuwa upimaji umesogezwa hadi kwenye vituo vya afya na baadhi ya zahanati, na kwamba mwanamke anaweza kupimwa na kupewa majibu siku hiyo hiyo.

Tunawashukuru wauguzi na wakunga wetu. Wengi wao ni mabinti zetu na majirani zetu. Tunaona foleni wanazozihudumia na vifaa wanavyokosa. Katika risala hii hatutaji jina la kituo wala la mtumishi yeyote, maana tunachotaka kibadilike ni utaratibu.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Mheshimiwa mgeni rasmi, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika na saratani hii nchini mwetu kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Hawa ni mama wenye watoto wadogo na mashamba yanayosubiri jembe. Wengi hufika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali za rufaa za Bugando na KCMC, ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Inauma zaidi kwa sababu saratani hii haiji ghafla. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, tangu virusi vinapong'ang'ania mpaka saratani inapojitokeza hupita kati ya miaka 15 na 20. Kwa mwenzetu ambaye kinga yake imeshuka, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika muda huo wote mabadiliko yanaonekana na yanatibika kabla hayajawa saratani, ili mradi mwanamke apimwe.

Chanjo iliyoanza mwaka 2018 haikutukuta sisi. Mwanamke mwenye miaka 30, 40 au 49 leo alishavuka umri wa kuchanjwa zamani. Ngao yake iliyobaki ni kupima. Ikiwa kupima kwenyewe kunamtisha, amebaki bila ngao.

Tanzania imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa Novemba 2020, unaotaka ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na 90 katika kila 100 wenye ugonjwa wawe wametibiwa. Namba hiyo ya katikati haitafikiwa kwa mabango wala kwa gari la matangazo ikiwa aliyepimwa jana anawaonya wenzake wasiende.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, maumivu yetu hayaaminiwi. Mwanamke akisema, "Nesi, naumia," majibu yamezoeleka: "Jikaze mama," "Kwani hujazaa?", "Mficha uchi hazai." Methali hiyo tunaijua, tumelelewa nayo. Lakini aliyekwishavua nguo na kupanda kitandani hajaficha kitu. Amekuja mwenyewe, kwa nauli yake, na anachoomba ni asiumizwe.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne aliyekwishakoma hedhi, alipoingiziwa kile chuma cha kupimia alisema, "Subiri kidogo, mwanangu." Akajibiwa, "Ukinizuia sasa tutaanza upya." Chuma kikaendelea kufunguliwa. Akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili mpaka kazi ikaisha, akatoka na tone la damu kwenye kanga yake. Majibu yalikuwa mazuri, hana tatizo. Alipofika nyumbani hakusimulia majibu, alisimulia chuma. Kampeni ya upimaji iliyofuata, kitongojini kwake hakwenda hata mwanamke mmoja.

Pili, kifaa. Spekulamu, ambayo sisi tunaiita "chuma", hutengenezwa kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa. Katika vituo vingi tunavyokwenda tunakuta saizi moja kwa wote, kwa mama aliyezaa mara saba na kwa dada ambaye hajazaa. Inatoka kwenye trei ikiwa baridi na kavu. Kuiloweka katika maji safi ya uvuguvugu, au kuipaka kilainishi kidogo chenye asili ya maji, kunapunguza maumivu, na hakuhitaji mfadhili wala mkandarasi.

Tatu, faragha. Siku za kampeni tunapimwa vyumba ambavyo mlango haufungi, pazia ni kanga iliyotundikwa kwa misumari miwili, na watu wanapita kuchukua mafaili. Wakati mwingine wanafunzi wa uuguzi wanaingia na kusimama miguuni pa mgonjwa bila yeye kuulizwa kama anaridhia. Mtu mwenye hofu na aibu hukaza misuli bila kupenda, na misuli iliyokaza ndiyo inayofanya chuma kiume. Anaposhindwa kuilegeza anaambiwa ni mkorofi.

Nne, wapo wenye sababu za mwili ambazo hakuna anayewauliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa karibu nusu ya wanawake wa mkoa wetu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini makovu ya waliokwishakeketwa hayakufutwa na sheria. Kovu halitanuki kama ngozi nyingine. Wapo pia waliochanika na kushonwa vibaya wakati wa kujifungua. Wapo waliokoma hedhi, ambao ngozi ya ukeni imekuwa nyembamba na kavu kwa kupungua kwa homoni. Wapo ambao misuli ya uke hujifunga yenyewe kila kitu kinapokaribia, na wapo waliobakwa, ambao kulazwa chali na kuambiwa "tulia" kunawarudisha kwenye siku waliyoumizwa. Wote hawa wanapewa dakika zile zile na chuma kile kile.

Tano, wenzetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hatari yao ya kupata saratani hii ni mara sita ya wengine, na ushauri wa kitaalamu ni waanze kupima wakiwa na miaka 25 na warudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa hiyo wao ndio watakaopanda kitanda kile mara nyingi kuliko sisi wote. Akiumizwa mara ya kwanza, tumempoteza anayehitaji kipimo kuliko yeyote.

Sita, matibabu. Doa likionekana, mwanamke hutibiwa kwa kugandisha sehemu hiyo kwa baridi kali, kuichoma kwa joto, au kuiondoa kwa waya wa umeme. Wengine hukatwa kinyama cha kupeleka maabara. Tunasikitika kuwa wapo waliokatwa bila kuambiwa kitakachofanyika, na bila kuulizwa kama wanahitaji dawa ya maumivu au ganzi.

YALE TUNAYOFUNDISHANA

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukukaa tu kulalamika. Katika vikao vyetu, kwa msaada wa wauguzi wenye moyo, tumeanza kufundishana namna ya kulivuka jambo hili. Tunayasoma hapa ili kila mama aliyeko uwanjani aondoke nayo.

Jambo la kwanza ni kujua kinachofanyika. Kipimo kinachotumika sana huku kwetu ni cha siki. Mhudumu huingiza chuma ili aone mlango wa kizazi, anaupaka pamba yenye siki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kama kuna doa jeupe. Kupaka siki kunaweza kuwasha kidogo. Kazi nzima ni dakika chache, na ukijua hatua inayofuata hofu hupungua.

Chagua siku ambayo huko hedhini. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa za kienyeji, utajichubua na maumivu yataongezeka. Kojoa kabla ya kupanda kitandani. Vaa gauni au sketi pana na ubebe kanga, ili ujifunike na usijione uko uchi. Ukitaka, meza dawa ya maumivu ambayo umezoea na haina madhara kwako, kama nusu saa au saa moja kabla.

Mwambie mhudumu mapema, kabla hajavaa glovu: "Mara ya mwisho niliumia," au "Nina kovu," au "Nimekoma hedhi." Si lazima usimulie historia yako yote. Omba saizi ndogo. Omba akuambie kila hatua kabla hajaifanya. Unaweza kuomba uingize mwenyewe mwanzo wa kifaa, kwa sababu mkono wako unajua mwili wako. Kama kulala chali kunakuumiza au kunakukumbusha mabaya, uliza kama unaweza kulala ubavu. Ngumi mbili chini ya nyonga, au nguo iliyokunjwa, husaidia mlango wa kizazi uonekane bila kusukumwa sana, hasa kwa mwenye mfuko wa uzazi ulioelekea nyuma.

Vuta pumzi taratibu hadi tumboni, uitoe kwa mdomo polepole wakati chuma kinaingia. Legeza taya na viganja, na nyonga zitafuata. Nenda na shoga au dada yako akushike mkono.

Ukisema "simama," hiyo ni haki yako. Kipimo kinaweza kuahirishwa na kurudiwa siku nyingine, na kuahirisha hakukufanyi mwoga. Damu kidogo baadaye ni kawaida. Damu nyingi, homa, au uchafu wenye harufu kali, rudi kituoni mara moja. Na mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi asisubiri kampeni. Aende hospitali sasa.

MADAI YETU

Haya tunayofundishana yanasaidia, lakini kuvuta pumzi hakuwezi kutuletea saizi ndogo ya chuma ambayo kituo hakina. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, tunadai yafuatayo:

1. Kila kituo kinachopima kiwe na spekulamu za saizi zote, maji safi ya uvuguvugu na kilainishi, na visihesabiwe kuwa anasa katika bajeti ya halmashauri.

2. Utolewe mwongozo kwamba mwanamke akisema "simama," mhudumu anasimama hapo hapo. Kauli za kejeli kuhusu kuzaa, ndoa au umri wa mgonjwa zikatazwe kwa maandishi na maandishi hayo yabandikwe ukutani, kando ya Mkataba wa Huduma kwa Mteja.

3. Kila chumba cha kupimia kiwe na mlango unaofungika na pazia linalofunika. Mwanafunzi asiingie bila ridhaa ya mgonjwa. Ibara ya 12 na ya 16 za Katiba yetu ya mwaka 1977 zinalinda heshima ya utu na faragha ya kila mtu, na hazikuacha nje chumba cha hospitali.

4. Kabla ya kupima, kila mwanamke aulizwe faraghani kama ana kovu, amekoma hedhi, aliwahi kuumia au kutendewa ukatili. Mwenye jibu la ndiyo apangiwe muda mrefu zaidi, mhudumu mzoefu, na aweze kuchagua mhudumu wa kike.

5. Mama aliyekoma hedhi na mwenye ukavu unaomtesa aonwe na daktari, na inapofaa apewe dawa ya homoni ya kupaka ukeni kwa wiki kadhaa kabla ya kipimo. Dawa hiyo ipatikane katika hospitali za wilaya.

6. Anayekatwa kinyama au kutibiwa aelezwe kwanza, na apewe dawa ya maumivu au ganzi bila kulazimika kuiomba kwa machozi.

7. Mkoa uanze kutoa kipimo cha virusi vya HPV ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe. Hili ndilo dai letu kubwa. Anaingiza brashi laini au kijiti chenye pamba, anazungusha, anakitia kwenye kichupa, basi. Hakuna chuma, wala mtu wa kumtazama. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kiwe ndicho cha kwanza, na linakubali sampuli iliyochukuliwa na mwanamke mwenyewe. Mashine za GeneXpert zinazotumika nchini kupima kifua kikuu zinaweza pia kusoma kipimo hicho. Atakayekutwa na virusi ataitwa kwa uchunguzi zaidi, na huyo ndiye atakayehitaji chuma. Wengi watakaokutwa salama hawatakiona kabisa. Kipimo hiki kinawafaa pia waliokoma hedhi, kwa sababu kwao sehemu inayotakiwa kuangaliwa kwa siki mara nyingi imerudi ndani na haionekani vizuri.

8. Wauguzi waongezwe na wapewe mafunzo ya kupima bila kuumiza. Muuguzi anayedaiwa idadi kubwa ya wanawake kabla ya jua kutua hawezi kuwa mpole hata akitaka. Kampeni zipimwe pia kwa wanawake wangapi walirudi, badala ya kuhesabu tu waliopita kitandani.

9. Kila kituo kiwe na mtu wa kupokea malalamiko haya, na mlalamikaji apewe majibu. Sanduku la maoni lenye kufuli iliyoota kutu tumelichoka.

AHADI YETU

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi nasi tunaahidi. Kila kikundi kitachagua wanawake wa kumsindikiza mwenzao siku ya kipimo, kumsubiri na kurudi naye. Tutatenga fungu katika mfuko wa jamii wa kila kikundi kwa nauli ya asiyejiweza. Tutasimamia mabinti zetu wachanjwe, na kisu cha ngariba kisiwafikie. Na muuguzi atakayetuhudumia kwa upole tutamtaja kwa jina kwenye mikutano ya kijiji, ili naye ajue kazi yake imeonekana.

Kina baba, tunawaomba jambo moja. Mkeo akirudi kutoka kupima, usimuulize nani kamwona. Muulize kama ameumia na kama amepata majibu. Na asipokuwa tayari usiku ule, mwache apumzike.

HITIMISHO

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwanamke aliyekataa kurudi kupima mara nyingi huandikwa kuwa hana elimu au ana imani potofu. Wengi wa tunaowafahamu wana elimu ya kutosha kuhusu ugonjwa huu. Walikwenda, wakaumizwa, wakaamua kutoumizwa tena. Maumivu yao yanazuilika kwa vitu vya bei ndogo na kwa adabu, na mkoa wetu unaweza kuanza bila kusubiri fedha mpya.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 90, yakieleza dai lipi limeanza kutekelezwa, lipi bado, na nani anawajibika nalo. Tutayasoma hadharani katika kila kikundi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa niaba ya wanawake waliopo na wale ambao hawakuja kwa sababu hawataki tena hata kulisikia jambo hili, tunaomba kuwasilisha.